Koodineti Ina Kwao: Kwa Mpima Ardhi Mpya Anayeripoti Mtwara

Mdogo wangu, karibu kusini. Utapokelewa vizuri, utaoneshwa pa kulala na pa kula samaki, na kabla wiki haijaisha utapewa faili lenye ramani ya zamani ya upimaji na kuambiwa nenda shambani ukafufue mipaka. Hapo ndipo nataka nikuwahi.

Mimi faili langu la kwanza lilikuwa la shamba la mikorosho juu ya uwanda wa Makonde. Ramani ilikuwa safi, koodineti za kila jiwe zimeandikwa kwa mkono mzuri, mashariki na kaskazini, hadi sentimita. Nikaziingiza kwenye resiva ya setilaiti (GPS) ya mkononi kama zilivyo, nikapanda pikipiki. Resiva ikaniongoza, ikanisimamisha katikati ya shamba la mtu mwingine kabisa. Nikatafuta jiwe, hakuna. Nikaanza kumweleza mwenye shamba, mzee wa miaka sabini na zaidi, kwamba vipimo vinaonesha mpaka wa jirani yake unaanzia pale tuliposimama.

Mzee hakupandisha sauti. Alisema, "Mjukuu wangu, jiwe la serikali liko kule bondeni, chini ya mkorosho. Mimi nilikuwepo likizikwa, ndiye niliyewabebea maji." Tukashuka naye. Akafyeka kwa panga, akasugua kwa mguu, na bikoni ikatokea na namba yake juu, ile ile ya kwenye ramani. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama ilikuwa mita kama 300 kuelekea kusini na karibu mita 100 kuelekea mashariki.

Kiasi hicho kishike kichwani, kwa sababu utakutana nacho tena na tena. Ramani zetu nyingi za zamani zimejengwa juu ya datamu, yaani msingi wa kuhesabia koodineti, iitwayo Arc 1960, inayotumia umbo la dunia lililokokotolewa na Mwingereza Clarke mwaka 1880. Resiva ya setilaiti ikitoka dukani inatumia datamu nyingine, ya dunia nzima, iitwayo WGS84. Maumbo hayo mawili hayalingani: nusu kipenyo cha ikweta cha Clarke ni kirefu kwa mita 112, na kitovu cha umbo lake hakikai mahali pamoja na kile cha WGS84. Ukija huku kwetu, kanda ya ramani iitwayo zoni 37 kusini, tofauti ya jumla inatoka hiyo hiyo ya shamba la mzee: takriban mita 300 kaskazini-kusini na karibu 100 mashariki-magharibi. Resiva haikukosea siku ile, na aliyechora ramani hakukosea. Kila mmoja alisema kweli katika lugha yake, nami niliyekuwa katikati sikuuliza ni lugha gani.

Kwa hiyo neno la kwanza ninalompa kila kijana anayekuja chini yangu ni kwamba koodineti ina kwao. Kama unavyomuuliza mgeni ametoka wapi na ni mtoto wa nani, kila namba iulize ni ya datamu gani, zoni gani, imepimwa lini, imeanzia jiwe lipi. Ikikosa majibu hayo usiipande pikipiki.

Chuoni umefundishwa haya, najua. Ambacho pengine hukuoneshwa ni jinsi mita hizo 300 zinavyogeuka kuwa ugomvi wa ukoo mzima. Mkorosho mmoja uliokomaa ni ada ya shule ya mtoto. Ukisogeza mpaka kwa mistari kumi ya mikorosho, msimu wa mavuno ukifika mwezi wa Oktoba watu wanaweza kushikiana mapanga kwa ajili ya namba uliyoiandika wewe.

Sasa vuka mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Ukifika Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010, utaona watu wanaokwenda na kurudi wakisalimiana kwa Kimakonde, wananunua na kuuza kwa Kiswahili, na wengine wana mashangazi ng'ambo zote mbili. Lugha inavuka. Ramani za zamani hazivuki. Ramani za Msumbiji za enzi ya Wareno zimekaa juu ya datamu ya Tete, yenye umbo jingine la Clarke, la mwaka 1866. Ukiziweka pamoja na zetu bila kuzigeuza, Ruvuma hauungani na Ruvuma. Na huo ni mto ambao tayari una historia yake ya mipaka kusogezwa: Kionga, upande wa kusini wa mdomo wa mto, ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894 na ikarudishwa kwa Wareno baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Tena wenyewe mto hauketi mahali pamoja. Kila masika unakula kingo huku na kumwaga mchanga kule.

Zidisha hali hiyo kwa bara zima. Sudan na Ethiopia wana Adindan, Nigeria wana Minna, Morocco wana Merchich, Zambia na Malawi Arc 1950, sisi na Kenya na Uganda Arc 1960. Kila mkoloni alianza kupima pale alipoona panamfaa, akaishia kwenye mpaka wake. Jaribio la kuunganisha lilikuwepo: David Gill, mwanafalaki wa Cape, alitoa wazo mwaka 1879 la kupima mstari mmoja kufuata meridiani (longitudo) ya 30 mashariki, kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Kipande cha Tanganyika kilipimwa miaka ya 1930, na pengo la mwisho likafungwa mwaka 1954. Miaka 75, mlima kwa mlima, taa kwa taa. Naiheshimu sana kazi hiyo, na jina la Arc, yaani tao, linatoka huko. Lakini mstari ule unapita magharibi ya mbali, na huku pwani yetu ilifikiwa kwa pembetatu juu ya pembetatu, kosa dogo likirithishwa kwa jingine.

Ndiyo maana nataka uijue AFREF kabla hujajua njia za mkato za ofisini. Ni mpango wa nchi za Afrika wa kuwa na kiunzi kimoja cha marejeo ya kijiodesia, yaani cha upimaji wa dunia, kwa bara zima, ukisimamiwa kupitia Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, yenye makao Addis Ababa, kwa ushirikiano na Chama cha Kimataifa cha Jiodesia. Ulaya walianza chao mwaka 1987, Amerika Kusini mwaka 1993. Kiini cha mpango ni vituo vya kudumu vinavyopokea mawimbi ya setilaiti usiku na mchana, vikikokotolewa pamoja ndani ya kiunzi cha dunia nzima, ITRF. Lengo lilikuwa mtumiaji popote barani asiwe mbali na kituo zaidi ya kilomita 500. Pima mwenyewe: kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 400. Maana yake kituo kilichopo Dar es Salaam kinakuhudumia wewe ukiwa Newala, na jirani yako Mmsumbiji akitumia vituo vya kwao ndani ya kiunzi hicho hicho, mnakutana mtoni kwa sentimita.

Hakuna nchi inayoweza kufanya hivyo peke yake, na hili si la heshima ya kidiplomasia, ni la kijiometria. Setilaiti haijui Tanzania. Ili ujue mahali setilaiti ilipo unahitaji vituo duniani kote, na ili vipimo vya Mtwara visimame imara unahitaji kituo cha Kenya, cha Zambia, cha Afrika Kusini, na wao wanahitaji cha kwako. Umoja wa Mataifa wenyewe ulilipitisha jambo hili kwa azimio la Baraza Kuu namba 69/266, tarehe 26 Februari 2015. Vijana wetu wengi wamefundishwa kukokotoa data hizi Nairobi, kwenye Kituo cha Kikanda cha Ramani za Raslimali kwa Maendeleo (RCMRD), kilichoanzishwa mwaka 1975. Ukipata nafasi ya kozi kule, kopa nauli kama itabidi.

Lakini ushirikiano huo, ukiutafuta mahali unapokufa, usitazame mikutanoni. Unakufa kwenye betri iliyoisha nguvu kituoni na hakuna wa kuibadilisha, kwenye bando la intaneti ambalo halikulipiwa, kwenye chumvi ya bahari inayokula kiungo cha waya, kwenye mtumishi aliyehamishwa akaondoka na neno la siri la kompyuta. Ukipangiwa kuangalia kituo, hata kama ni kufagia tu na kutazama taa kama inawaka, iangalie kama mtu anayejua kwamba siku kituo chako kikizima, mtu wa Pemba ya Msumbiji amepoteza mguu mmoja wa kigoda chake.

Sasa kazi ya mkono. Unapoweka besi, ile resiva inayosimama mahali pamoja ikipokea setilaiti, andika urefu wa antena kwa kalamu, kwenye karatasi, kabla ya kuwasha na tena kabla ya kuzima, na uandike umepima wima au mshazari, hadi wapi kwenye antena, na antena ni ya aina gani. Nimeona kazi ya siku tatu ikitupwa kwa sababu ya neno moja hilo, "mshazari", halikuandikwa. Usizime besi baada ya dakika ishirini kwa kuwa jua ni kali. Kwa jiwe la kuunganisha na vituo vya mbali hivi, mimi sikubali chini ya saa sita, na nikipata siku nzima nashukuru. Faili mbichi ligeuze kuwa RINEX, muundo wa faili usiofungwa na kampuni moja ya resiva, siku hiyo hiyo, mpe nakala mwenzako, ndipo ukaoge. Data ikiwa katika RINEX unaweza kuituma kwenye huduma za bure za kukokotoa mtandaoni kama AUSPOS ya Australia au CSRS-PPP ya Kanada, na majibu yakaja ndani ya ITRF. Lakini soma jibu lote hadi tarehe.

Tarehe nayo ni sehemu ya koodineti, na hapa wengi huteleza. Ardhi unayosimama inakwenda kaskazini-mashariki kwa takriban sentimita 3 kila mwaka. Miaka kumi ni sentimita 30, upana wa bikoni na zaidi. Tena bara halitembei kama kipande kimoja. Bonde la Ufa linalipasua polepole, na mwaka 2014 Mtanzania Elifuraha Saria na wenzake walichapisha hesabu zinazoonesha vipande vidogo kati ya bamba la Nubia na la Somalia, vile vipande vikubwa vya gamba la dunia. Kimojawapo, hiki tulichokalia sisi, kinaitwa Rovuma. Nilipolisoma jina lile kwenye makala ya kisayansi nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Kwa hiyo usiandike "WGS84" ukanyamaza. Andika TAREF11, kiunzi chetu cha taifa, kama ndicho ulichotumia, au ITRF ya toleo gani, ya tarehe gani.

Urefu nao usikutishe. Ukisimama ufukweni Mikindani, miguu ikiwa majini, resiva itakuonesha urefu hasi. Inahesabu kutoka kwenye elipsoidi, lile umbo la dunia la kihesabu, na usawa wa bahari huku kwetu umekaa chini ya elipsoidi. Usimpe mhandisi wa barabara urefu huo bila kuugeuza. Maji ya mtaro hayafuati elipsoidi.

Chini ya mikorosho setilaiti hupotea, na zinazobaki hudanganya kwa mawimbi yanayogonga matawi. Usilazimishe. Weka nguzo mbili mahali peupe, zinazoonana, kisha ingia kivulini na totali stesheni, chombo kinachopima pembe na umbali bila setilaiti. Na usikate tawi la mtu bila ruhusa yake, hata liwe limekauka.

La mawe lenyewe nalisema kwa uchungu. Huku kusini ipo imani kwamba chini ya mawe ya zamani Wajerumani walificha mali. Nguzo juu ya vilima zimechimbwa usiku, nyingine zimebaki shimo. Kila nguzo ya zamani inayopotea inaondoka na uwezo wa kugeuza ramani za zamani kuja kwenye kiunzi kipya, kwa maana namba za kugeuzia hupatikana kwa kupima jiwe lile lile katika mifumo yote miwili. Kwa hiyo ukifika kijijini anza kwa mwenyekiti, kaa, kunywa maji uliyopewa, eleza jiwe ni la nini. Waoneshe kwamba chini yake kuna zege tu. Waulize wazee, maana wao ndio kumbukumbu ya mtandao wetu kuliko kabati lolote la mafaili.

Yule mzee wa bondeni nilirudi kwake miaka michache baadaye, na besi safari hii. Nilipima nguzo mbili mahali peupe, nikaingia na totali stesheni chini ya mkorosho wake, yeye akiwa amekaa kwenye kigoda akihesabu dakika. Koodineti za jiwe lake niliziandika mara mbili kwenye karatasi moja, Arc 1960 juu, TAREF11 chini, na tarehe pembeni. Nakala ya kwanza aliichukua yeye, akaikunja pamoja na hati ya shamba. Ya pili iko kwenye faili la kijani, rafu ya chini, mkono wa kushoto ukiingia. Jumatatu utakayoripoti, anza kwa kulisoma hilo.