Maswali ya Wasomaji: Bibi wa Mwezini

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia, ameniachia picha ya Kijapani ya mwanamke mwenye mavazi yanayopepea mbele ya mwezi mkubwa. Nitajuaje kama ilichapwa kwa mbao za kuchongwa au kwa mashine, na nitaitunzaje hapa Raskazone, ambako hewa ya chumvi hula hata mabati? Natamani pia kukusanya nyingine za viumbe wa mbinguni.
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa maelezo yako, huenda huyo ni Chang'e, ambaye katika kisa cha Kichina alimwibia mumewe, Hou Yi mpiga mishale, dawa ya kutokufa, kisha akakimbilia mwezini. Msanii wa Kijapani Tsukioka Yoshitoshi alimchora mwaka 1885 katika mfululizo wake wa picha 100 za mwezi, uliokamilika mwaka 1892, mwaka ambao yeye mwenyewe alifariki. Hata hivyo, usiiamini tarehe iliyoandikwa pambizoni, kwa sababu anayenakili picha hunakili na tarehe yake.

Anza na upande wa nyuma. Picha hizi zilichapwa kwenye karatasi ya nyuzi za mti wa kozo, ulio wa jamii ya mforosadi, na kila rangi ilikuwa na ubao wake. Mchapaji aliilaza karatasi juu ya ubao uliopakwa rangi, akaisugua mgongoni kwa kisugulio bapa cha mviringo kiitwacho bareni, na ndiyo maana rangi hupenya na alama za kusugua huonekana nyuma. Kisha chukua kioo cha kukuzia, uitazame mistari ya nywele na vidole: ukiona vitone vidogo vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni kazi ya mashine. Kukosa vitone, hata hivyo, hakutoshi kuthibitisha umri, kwani zipo nakala za karne ya 20 zilizochongwa upya na kuchapwa kwa mkono, nazo, kwa maoni yangu, zinastahili ukuta wa mtu yeyote ilimradi muuzaji asiziite za kale. Linganisha yako, mstari kwa mstari, na picha zilizowekwa mtandaoni na makumbusho ya Boston na ya London.

Kuhusu kuitunza, jua ni adui mkubwa kuliko chumvi, maana rangi nyingi za mimea hufifia kwa mwanga na hazirudi tena. Itundike kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua, si ule wa nje unaonyonya maji wakati wa masika, na umwambie fundi fremu aweke kadibodi isiyo na asidi nyuma yake, aache nafasi ili kioo kisiiguse karatasi, wala asitumie gundi au selotepu. Nakusihi usiipeleke kulaminishwa kama cheti cha shule. Ikishaingia katika plastiki ile, haitoki salama.

Unapoendelea kukusanya, usikimbilie mfululizo mzima. Tafuta, kwa mfano, picha ya mwanamke wa mbinguni wa ufuko wa Miho, Japani, ambaye katika kisa chake mvuvi aliliokota vazi lake la manyoya likiwa limetundikwa kwenye msonobari, na kabla ya kulipa mwombe muuzaji akutumie picha ya upande wa nyuma. Akikataa, tafuta muuzaji mwingine.