Kitufe cha 88 kwa 31 kikitoka na ukungu

Ndugu, umeuliza kwa nini kitufe chako, ile picha ndogo ya kubofya inayompeleka mgeni kwenye tovuti ya mtu, kinaonekana na ukungu ukikiweka kwenye tovuti, na mnabadilishanaje vitufe na wenzako. Ukungu huo mara nyingi unatokana na kuhifadhi picha kama JPEG, aina ya faili la picha: inaacha vumbi la rangi kandokando ya herufi. Hifadhi kama PNG, au GIF kama kina mwendo; nazo ni aina za faili la picha. GIF inabeba rangi 256 tu kwa kila fremu, nazo zinakutosha kabisa. Chora kwa kipimo chenyewe, pikseli 88 kwa 31, usichore kikubwa halafu ukipunguze. Kwa udogo huo pikseli moja ni kitu kizito: sogeza nukta ya jicho la paka hatua moja kushoto, paka mzima anageuza macho. Hapo ndipo raha ya kazi hii ilipo, kwangu mimi.

Kubadilishana: unaweka kitufe cha mwenzako kwenye tovuti yako, naye anaweka chako kwake, kila kimoja na kiungo cha mwenyewe. Ila pakua picha uiweke kwenye seva yako. Ukiivuta moja kwa moja kutoka kwake, kila mgeni wako anamlia bando, na siku akiihamisha, kwenye tovuti yako panabaki pengo. Tafadhali sana, usifute sahihi ya mchoraji, hata ikiwa pikseli 3 tu pembeni.