Using'oe fensi kwanza

Kama unataka kutoa fensi ya mbao uweke ua wa kupanda badala yake, using'oe hiyo fensi saa hizi, hata kama imechakaa, panda michongoma kwanza upande wa ndani kama nusu mita kutoka kwenye fensi alafu subiri, maana ua wa kukuziba watu wasichungulie unachukua miaka miwili mitatu hivi na ukiing'oa sasa kipindi chote hicho utakaa wazi kabisa. Fensi itoe ua ukishashikana.

Kosa ambalo wengi wanafanya ni kuacha miche irefuke tu. Wanataka urefu haraka, matokeo yake juu kuna majani chini kumebaki vijiti na mtu anaona hadi ndani. Kata ncha mapema, ikiwa bado midogo, itoe matawi ya pembeni tokea chini, na ukiupogoa fanya chini kuwe kupana kidogo kuliko juu ili jua lifike mpaka kwenye shina. Yani hapo ndio siri yote ilipo.

Ukitaka mmea mwingine badala ya michongoma, msaipresi ni mzuri ila ukikata mpaka kwenye sehemu ya kahawia isiyo na majani hauchipui tena, pengo linabaki hapo moja kwa moja. Minyaa nayo kama kuna watoto achana nayo kabisa, utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari sana.

Na ongea na jirani kabla ya kuchimba tafadhali, mjue mpaka uko wapi na nani atakata upande wake.