Maswali na Majibu: Msitenganishe Kilicho Hai na Kisicho Hai

Swali: Naomba uniorodheshee vitu visivyo hai vinavyoathiri bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe. Nina mtihani.

Swali hili halikauki, na kila anayeliuliza anataka orodha tu. Haya: mwanga, joto, maji, hewa, upepo, chumvi, asidi, madini, mwinuko wa ardhi, moto. Umeipata, lakini ukiikariri hivyo hujajifunza kitu, kwa sababu hakuna kiumbe anayekutana na vitu hivyo kimoja kimoja. Chukua joto la maji. Lita moja ya maji matamu yenye nyuzi 10 huweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, hubeba 7 na nusu hivi. Na samaki yuleyule, mwili wake ukipata joto, huhitaji oksijeni zaidi. Anabanwa pande zote mbili. Anayefyeka miti inayotia kivuli kijito hajamgusa samaki hata mmoja, lakini wapo watakaokufa na watakaohama. Hilo ndilo la kuandika kwenye mtihani.

Swali: Kati ya vitu hai na visivyo hai, vipi vina nguvu zaidi?

Wengi hujibu haraka kwamba ni visivyo hai, kwa kuwa mvua na joto ndivyo vinavyoamua kama pahala patakuwa msitu, mbuga au jangwa. Ni kweli hadi hapo, ila wanaishia hapo.

Tazama Serengeti. Sotoka, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukishambulia ng'ombe hadi ulipotokomezwa duniani mwaka 2011, uliingia Afrika Mashariki kuelekea 1890 na kufyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Baadaye ng'ombe walichanjwa. Hakuna aliyemchanja nyumbu, lakini ugonjwa ulimtoka naye pia, maana alikuwa akiambukizwa kutoka kwa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Kabla ya miaka ya 1970 kwisha walikuwa wamevuka milioni moja.

Nyumbu wengi hula nyasi nyingi. Nyasi zikiliwa, moto wa kiangazi hukosa cha kuunguza. Moto ukipungua, miche ya miti hupona na kurefuka, na ndivyo miti ilivyoongezeka tena. Kumbe kirusi kisichoonekana kwa macho kilikuwa kinatawala moto na miti ya nchi nzima ile! Moto mnauweka kwenye safu ya visivyo hai. Kirusi wanabiolojia wenyewe hawajakubaliana wakiweke safu ipi. Kwa hiyo msiniulize nani mwenye nguvu. Niulizeni nani kamshika nani.

Swali: Udongo ni kitu hai au si hai?

Vyote viwili, ondoa bakteria, kuvu, minyoo na mboji, utabaki na vumbi la mawe.

Swali: Tuna eneo la nyasi na maua ya porini. Tukiweka mbolea, si mimea itakuwa ya aina nyingi zaidi?

Hapana, na tafadhali msiweke. Mimea itakuwa mingi kwa uzito, aina zitapungua. Huko Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la nyasi lililogawanywa viraka tangu 1856, vingine vikapewa mbolea na vingine vikaachwa. Viraka visivyopewa kitu ndivyo vyenye spishi nyingi zaidi. Vilivyoshindiliwa mbolea ya naitrojeni vimetawaliwa na nyasi chache ndefu zilizowatia kivuli wenzao hadi wakafa. Kwenye udongo maskini hakuna mwenye nguvu ya kuwakanyaga wengine, kila mmoja anapata upenyo. Ukishibisha udongo, mwenye mbio ananyakua mwanga wote. Na mbolea hiyo haikai mlipoiweka, mvua huishusha mtoni, jambo ambalo hamkuuliza lakini linahusu jibu linalofuata.

Swali: Ziwa letu lina visamaki vidogo tu. Kuna ubaya gani kupandikiza samaki mkubwa atakayewala?

Ubaya wake unajulikana. Ziwa Victoria lilikuwa na furu, visamaki vidogo kama vyenu, wa spishi zaidi ya 500, wengi wao hawapatikani pengine popote duniani: wa kula mwani, wa kuvunja konokono, wa kula mayai ya wenzao. Katika miaka ya 1950 na 1960 akatiwa sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima. Furu wa mamia ya spishi wanaaminika kuwa wametoweka.

Ila msimtwike sangara mzigo wote. Virutubishi kutoka nchi kavu viliingia ziwani, mwani ukastawi, na ulipokufa na kuoza ukanyonya oksijeni ya maji ya kina. Maji yakawa na ukungu. Hapa ndipo ninapotaka msome taratibu: jike wa furu humchagua dume kwa rangi. Wapo madume wekundu, wapo wa samawati, na kila jike humfuata wa kwake. Maji yakichafuka, nyekundu na samawati hufifia, jike hawezi kuzitofautisha, na spishi mbili zilizoishi jirani bila kuchanganyika zinazaana na kuwa moja. Hapo spishi inapotea bila samaki hata mmoja kuliwa. Msipandikize.

Swali: Mti wowote si bora kuliko nyasi tupu?

Nimeshajibu hili mara nyingi, na bado naona vikundi vinachimba mashimo kwenye mbuga za asili. Nyasi si utupu. Mmea wa mbuga umezoea jua kali; ukiutia kivuli cha mikaratusi unakufa, na wadudu na ndege wanaoutegemea wanaondoka nao. Mikaratusi hiyo hiyo hunywa maji ambayo yangefika kijitoni. Panda miti palipokatwa miti, na iwe ile iliyokuwapo.

Swali: Gogo lililooza ni taka? Tuliondoe?

Liacheni. Kabla ya kuniandikia tena, mmoja wenu apige magoti alivingirishe polepole. Chini ataona nyuzi nyeupe za kuvu zimetambaa kwenye ubao uliolainika kama sifongo, jongoo amejikunja, tandu anakimbia mwanga, funza wa mbawakawa yuko ndani ya handaki lake. Aguse udongo wa pale, kisha auguse ulio hatua moja pembeni: ule wa chini ya gogo una baridi na unyevu hata wakati wa jua. Mti uliokufa umewatengenezea hali ya hewa yao. Akimaliza alirudishe upande uleule, polepole, asije akawaponda.