Nuru ya Kale: Majibu kwa Maswali Yenu

Swali: Nikikitazama Kilimia usiku, je, ninaziona nyota zenyewe?

Jibu: Unaziona jinsi zilivyokuwa. Kilimia kiko umbali wa takriban miaka ya nuru 440, na mwaka mmoja wa nuru ni kama kilomita trilioni 9.46. Nuru inayokufikia leo iliondoka huko mwishoni mwa karne ya 16, zama zile Wareno walipoijenga Ngome ya Yesu, Mombasa.

Swali: Ikiwa ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, mbona husemwa kwamba upeo wa tunachoweza kukiona uko umbali wa miaka ya nuru bilioni 46?

Jibu: Kwa sababu anga lenyewe linatanuka. Chukua ule mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli, umweke sisimizi juu yake, kisha uuvute polepole huku akitembea: atakapofika mwisho, umbali kati yake na alipoanzia utakuwa umeizidi njia aliyoikanyaga kwa miguu yake, kwa kuwa hata sehemu aliyokwisha kuipita imeendelea kurefuka nyuma yake. Nuru nayo imesafiri hivyo.

Swali: Mlipuko Mkuu, yaani ule mwanzo wa ulimwengu, ulitokea wapi?

Jibu: Kila mahali, hata hapo ulipoketi. Jina hilo hupotosha, maana hapakuwa na uwanja mtupu uliokuwa ukingoja kulipuliwa.

Swali: Ni kweli kwamba chenga za televisheni za zamani zilitoka mwanzo wa ulimwengu?

Jibu: Sehemu ndogo tu, yapata asilimia 1. Mwaka 1964, huko New Jersey, Marekani, wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson walisumbuliwa na mvumo uliosikika katika antena yao popote walipoielekeza. Waliwafukuza njiwa waliojenga kiota ndani yake, wakasugua kinyesi chao, na mvumo ukabaki palepale. Ilikuwa nuru iliyoachiwa takriban miaka 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, pale ulimwengu, uliokuwa kama ukungu mzito wa moto, ulipopoa kiasi cha elektroni kushikamana na viini vya atomu na nuru ikapata upenyo. Leo imetanuka mno, ikawa mawimbi ya redio yanayonaswa na antena, hata joto lake ni nyuzi 270 za Selsiasi chini ya sifuri. Televisheni za kisasa huzificha chenga hizo kwa kioo cha buluu, jambo ambalo mimi binafsi hulisikitikia.