Muulize Fundi: Oveni ya uani na plagi inayonuka

*Fundi, shikamoo. Naoka keki na skonzi za kuuza. Mume wangu amenijengea kibanda cha mbao na mabati uani, kama mita 25 kutoka nyumbani. Oveni imeandikwa wati 3000, na humo ndani nina friji ndogo na mashine ya kuchanganyia unga. Umeme nautoa kwenye soketi ya sebuleni kwa ekstensheni ya mita 30, ile ya kuviringisha, inapita dirishani. Siku hizi plagi inanuka plastiki ya kuungua na imekuwa ya kahawia, na keki za jioni zinachelewa kuiva. Fundi wa mtaani anasema fyuzi ni ndogo, ataiunga kwa waya isikatike tena. Nikubali? Na LUKU itakula kiasi gani?*
*Muoka keki, Mbagala*

Marahaba, mama. Usikubali. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, na oveni yako peke yake inavuta 13: gawa 3000 kwa volti 230 uone. Ukijumlisha friji na mashine ya unga umeshapita. Hiyo fyuzi ikikatika inafanya kazi yake. Ukiizungushia waya au karatasi ya sigara, kitakachokatika ni ekstensheni yenyewe, na itakatika kwa moto, dirishani, karibu na pazia.

Kwanza chomoa hiyo ekstensheni leo. Soma lebo yake: nyingi za aina hiyo hubeba wati elfu tatu na kidogo zikikunjuliwa zote, lakini zikibaki zimeviringishwa uwezo unashuka hadi kwenye elfu moja hivi, maana joto la katikati halina pa kutokea. Na soketi ya sebuleni ibadilishwe hata kama bado inawasha. Chuma chake kikishapata moto kinalegea, hakibani tena, na plagi mpya utakayoichomeka humo nayo itaungua.

Keki kuchelewa nako kuna hesabu yake. Tuseme waya wa ekstensheni ni wa milimita 1.5 za mraba halisi (za bei ya chini mara nyingi ni nyembamba kuliko zinavyoandikwa). Katika mita 30, kwa ampea 13, unapoteza kama volti 11 njiani, na karibu wati 150 zinachemsha waya badala ya keki. Jioni mtaa mzima umewasha, umeme wenyewe umeshuka. Volti zikipungua kwa asilimia 10, nguvu ya oveni ya kutoa joto inapungua kwa karibu asilimia 20. Usibadilishe vipimo vya unga kwa sababu hiyo. Mapishi yako hayana kosa.

Unachohitaji ni laini ya peke yake kutoka meni swichi hadi kibandani. Kwa urefu huo na mzigo huo ningeweka waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, breka ya ampea 25 nyumbani, na kiboksi kidogo cha breka kibandani: moja ya oveni, nyingine ya soketi. Oveni isitumie plagi kabisa. Ifungwe moja kwa moja kwenye swichi ya ampea 20, kama ile ya hita ya maji. Chini ya ardhi tumia kebo ya kuzika, ile yenye nyuzi za chuma ndani ya ganda jeusi, kina cha sentimita 60 hivi, jembe la mtu wa bustani lisiifikie. Masika uwanja ukijaa maji hutakuwa na wasiwasi. Ndani ya kibanda, waya wote upite kwenye bomba, hasa unapokutana na mabati. Makali ya bati yakikwaruza waya, kuta zote zinageuka umeme.

Hapa ndipo naomba usibane hela. Breka inalinda waya, haikulindi wewe. Nyumba zetu nyingi hutegemea nguzo zao za erthi, yaani chuma kilichopigiliwa ardhini ili umeme uliovuja upitie humo, na kwenye mchanga mkavu kama wa huko kwenu nguzo hiyo inaweza kuwa na ukinzani wa omu 25 au zaidi, yaani inauzuia umeme usipite kwa urahisi. Waya wa moto ukigusa bodi ya oveni, ardhini zitapita kama ampea 9 tu. Breka ya 25 itakaa kimya, na oveni itakusubiri na mikono yako yenye maji. Kinachokata hapo ni RCD ya miliampea 30, swichi inayozima umeme mara unapovuja. Iwepo, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio kila mwezi, isipokata, haifai.

Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Kabla hujamlipa, mwambie apime erthi na apige mega (kipimo cha kuona kama ganda la waya linavujisha umeme) mbele yako. Akikujibu kwamba kupima si lazima, mtafute mwingine. Kariakoo utapata vifaa vyote, ila angalia alama ya TBS, na breka nyepesi mno mkononi mimi huwa naiacha dukani.

Wakati unasubiri, okea ndani ya nyumba, kwenye soketi nzima ya ukutani, bila kitu kingine juu yake.

Kuhusu LUKU: oveni ikiwaka mfululizo inakula uniti 3 kwa saa. Kwa kawaida hula pungufu, kwa sababu ikishapata joto inajizima na kujiwasha. Lakini kama uko kwenye lile kundi la bei nafuu la uniti 75 kwa mwezi, biashara hii itakutoa humo mapema, kwa hiyo bei ya keki ipange upya kabla laini haijafungwa.