Ratiba ya mchora hina asiyegusa piko

Mteja anayekuja saa mbili usiku na nikaha ni kesho asubuhi ataomba piko, maana piko hukolea ndani ya saa moja na hina haiwezi. Ukishaamua kuacha piko, anza na kalenda yako. Mchoraji mwenye ratiba mbovu atarudia piko tu, hata awe na dhamira njema kiasi gani.

Piko nyeusi tunayoijua mwambao wote ni unga wa rangi ya nywele. Ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele peke yake, isizidi asilimia 2 inapopakwa, na hauiruhusu kwenye ngozi. Anayedhurika kwa mara ya kwanza anaweza kukaa hata wiki mbili kabla ya kuwashwa. Mara ya pili ni siku moja au mbili. Malengelenge huota yakifuata ua lilelile ulilochora, na kovu linaweza kubaki. Aliyeathirika hivyo huenda asiweze tena kupaka rangi nywele zake maisha yake yote. Huyo ni binti wa watu aliyekukabidhi mikono yake.

Basi pangeni hivi. Nikaha ikiwa Jumamosi, biharusi achorwe Alhamisi, shangazi na wapambe Jumatano. Hina ikae mkononi saa 6 hadi 8, ikwanguliwe bila maji, na mkono usiguse maji kwa saa 24. Ikibidi kuoga, apake mafuta ya nazi kwanza. Ijumaa atakuona mwongo kwa sababu rangi itakuwa ya chungwa. Jumamosi itakuwa imeiva. Mweleze mapema, siku anayotoa arubuni, la sivyo simu zitakumaliza. Na hiyo Ijumaa ni yako. Usiiuze, hata Shaabani harusi zinapofuatana.

Hina yenyewe: gramu 100 za unga uliochekechwa, maji ya ndimu kama mililita 300 ukitia kidogokidogo, sukari, na mililita 30 za mafuta ya mkaratusi yaliyo safi. Sukari ndiyo inayowasumbua wengi. Vitabu na video za nchi zenye hewa kavu husema vijiko viwili vya chakula, lakini kwa unyevu wa Unguja au Mombasa hina hiyo haikauki; hunyonya maji ya hewani, ikayeyuka, na maua yakaingiliana. Tia kijiko kimoja. Funika, iache kwenye joto la kawaida saa 8 hadi 12, kisha jaribu tone kwenye kiganja: likiacha alama ya chungwa baada ya dakika chache, imeiva. Ichuje kwa soksi ya nailoni kabla ya kujaza koni. Isiyotumika siku hiyo iende friza, maana mezani inapoteza nguvu kwa siku mbili tu. Petroli na mafuta ya taa visikaribie bakuli lako.

Kuchuja huko ndiko kunakookoa kidole gumba. Punje moja ikiziba tundu la koni, unakamua kwa nguvu, na ukikamua kwa nguvu saa nne mfululizo gumba linakufa ganzi. Hina nzito mno hufanya vivyo hivyo. Iwe kama mtindi mzito unaoanguka kwenye kijiko kwa utepe bila kukatika. Ganzi ikikuamsha usiku, pumzisha mkono na uende hospitali mapema.

Mgongo nao unaharibika mkekani. Mteja akiweka mkono sakafuni, wewe ndiye unayeinama. Kaa kwenye kigoda, weka mito miwili mapajani mwake, mkono wake uje usawa wa kifua chako. Kila dakika 40 simama, tembea, kunywa maji. Biharusi wa mikono hadi viwiko pamoja na miguu huchukua saa 4 hadi 6, kwa hiyo siku hiyo usipokee mwingine. Bei ihesabu saa hizo zote, pamoja na usiku wa kukoroga.

Kazi ya ubunifu hufa taratibu unapochora picha za simu za wateja tu. Tenga asubuhi moja kwa wiki, chora kwa koni juu ya kioo, futa, rudia. Mteja akileta picha, chukua kitu kimoja alichokipenda, jani au duara, vingine viwe vyako.

Ruhusa ya kupiga picha iombwe kabla ya kuanza. Akishamaliza kuchorwa ataona haya kukataa, na wapo wasiotaka hata kiganja kionekane.

Mtoto mchanga asipakwe kabisa, hata hina safi. Wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, nao si wachache huku pwani, wanaweza kuvunjikiwa chembe hizo.

Na yule wa saa mbili usiku? Mpake viganja na nyayo tu, huko ngozi ni nene na hukolea upesi. Alale nayo. Mwambie ukweli kwamba asubuhi itakuwa ya chungwa, na itaendelea kukolea mpaka kesho yake.